Sauti Yangu Kwenye Mashine ya Foleni

Mashine ya foleni ilipoletwa ofisini kwetu Same, nilikuwa karani wa dirisha namba mbili, na nilikuwa nimelikalia dirisha hilo kwa miaka tisa. Ofisi yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema ni ya umma, inashughulika na karatasi za mashamba na viwanja, na sidhani kama yuko Mpare ambaye hajawahi kufika pale au kumtuma mtu. Wanaotutania husema sisi tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Si kweli. Lakini mpaka wa shamba ni jambo jingine, na kwa ajili ya mpaka wa shamba watu walishuka kutoka Chome, Mhezi na Mamba kila siku ya kazi, wamevaa masweta, wakafika kwenye jua la Same na kukosa pa kuyaweka.

Kabla ya mashine, foleni ilikuwa mikononi mwa mlinzi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, sare yake ya buluu imepauka mabegani, na hakuwa na daftari wala namba. Alikuwa na macho. Mtu akiingia, alimtazama viatu kwanza. Tope jekundu maana yake katoka mlimani, kapanda gari kabla ya mapambazuko, na gari hilo linarudi saa nane mchana. Likimwacha hana pa kulala. Huyo alikaa benchi la mbele. Vumbi maana yake ni mtu wa hapa hapa mjini, anaweza kurudi hata kesho. Huyo alikaa benchi la nyuma, na akitaka kunung'unika alinung'unikia huko. Mama mwenye mtoto mgongoni hakukaa kabisa, alipitilizwa. Nilifanya kazi kwa utaratibu huo miaka yote tisa na sikumbuki mtu kulala mjini kwa sababu yetu.

Kisha mkuu wetu wa ofisi akaenda semina. Aliporudi alitukusanya, akatuambia kwamba foleni yetu ilikuwa ya kienyeji. Alilitamka neno hilo kama anayetaja ugonjwa wa ngozi. Baada ya miezi michache akaja fundi wa mfumo kutoka jijini, kijana mpole, suruali imembana, na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na mashine yenyewe, kitu kirefu kama kabati la vyombo lililokonda, chenye kioo cha kugusa na mdomo wa kutolea karatasi. La pili lilikuwa na skrini ya kutundika ukutani na spika yake.

"Mfumo hauna upendeleo," alitueleza. "Anayetangulia ndiye anayehudumiwa. Haujali wewe ni nani."

Mlinzi akainua mkono. "Unajali umetoka wapi?"

"Hapana, mzee. Haujali kabisa."

"Haya," akasema mlinzi, akashusha mkono. Mchana huo huo alihamishiwa getini.

Kioo kilikuwa na vitufe vitatu: Nyaraka, Vibali, Malalamiko. Fundi alitabiri kwamba Malalamiko kingetumika mara chache. Siku ya kwanza watu wote walibonyeza Malalamiko. Alifika dirishani kwangu baba mmoja wa Mamba, mkulima wa tangawizi, ambaye karatasi yake ilikuwa tayari, imeshapigwa muhuri, ilimngoja yeye tu. Nikamuuliza kwa nini hakubonyeza Nyaraka.

"Karatasi hii nimeifuata mara tatu," akasema. "Sasa ungekuwa wewe ungebonyeza wapi?"

Kero kubwa zaidi ilikuwa sauti. Sauti iliyokuja na mashine ilikuwa ya mwanamke ambaye hatukujua ni wa wapi. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Aliacha pengo baada ya kila neno, "tiketi, namba, sifuri, kumi, na, nne," na wazee wakawa wanainuka kwenye "kumi," wanafika katikati ya ukumbi, wanasikia "na nne," wanarudi. Siku ya tatu mzee mmoja alikwenda akasimama chini ya spika, fimbo mkononi, akangoja. Alipoona hapati alichokingoja alitugeukia sisi wa madirishani.

"Huyu binti wenu ananiita bila kunisalimu," akasema. "Tena ananiita kwa namba, kama mahabusu."

Ukumbi mzima ukamwunga mkono. Mkuu akaniita ofisini kwake.

"Wewe si unaimba kwaya?"

"Sauti ya pili," nikasema.

"Inatosha."

Tulirekodi kwenye stoo ya mafaili, fundi akishika simu mbele ya mdomo wangu. Stoo iko upande wa barabara kuu, na kila lori lilipopiga honi tulisimama tukaanza upya. Tulipofika kumi na saba fundi alikuwa amechoka, kwa hiyo namba kumi na saba ina honi ya lori ndani yake mpaka leo. Maneno niliyatunga mwenyewe kufuata agizo la wazee: "Shikamoo. Mwenye namba fulani, karibu dirisha namba fulani." Nilijivuna, sitaficha. Wenzangu wa kwaya walikuja makusudi kunisikiliza. Jirani yetu kule Chome alirekodi kwa simu akampelekea mama yangu, na mama akanipigia akiwa na swali moja tu: mbona nasalimia watu halafu singoji waitike. Nilicheka.

Salamu hiyo ilitutesa. Mashine haikujua umri wa mtu, ikawa inamwamkia kila mwenye karatasi. Vijana wa bodaboda wa pale nje walipogundua hivyo, walianza kuingia kuchukua namba bila shida yoyote ya kiofisi, wakakaa wamekunja nne, wakangoja niwasalimu kutoka ukutani. "Marahaba, binti," wanaitikia kwa pamoja, kisha wanaondoka. Wazee wakachukia tena, na safari hii walikuwa na hoja: mmeileta salamu, sasa mnaigawa ovyo kama maji ya bomba lililopasuka.

Fundi, akiwa jijini, akaongeza ukurasa. Sasa mtu alichagua kwanza: Mzee au Kijana. Mzee angeamkiwa, na kwa heshima angeitwa mapema kidogo. Ilichukua kama wiki moja vijana kwisha Upare wote wa kusini. Wanaume wa miaka thelathini na tano, meno yote mdomoni, walibonyeza Mzee bila kupepesa jicho. Wanawake wachache walifanya kinyume. Mama mmoja ninayemfahamu, mwenye wajukuu sita, alibonyeza Kijana mbele yangu na akanitazama aone kama nina la kusema. Mkuu alipoona mambo yamekuwa hivyo alimtoa mlinzi getini, akampa kiti cha plastiki kando ya mashine, "kwa muda tu," ahakiki wazee.

Ni rahisi kuwacheka watu wa mabenchi. Lakini sisi tuliokaa upande wa pili wa kioo cha dirisha tulifanya baya zaidi, na hili nalisema kwa kuwa nilikuwemo.

Kila Ijumaa mfumo ulimpelekea mkuu ripoti: dirisha gani limeita watu wangapi, na kwa dakika ngapi kila mmoja. Mwenzangu wa dirisha namba moja ndiye aliyegundua kwamba mashine haihesabu watu waliohudumiwa. Inahesabu kubonyeza. Ukibonyeza "Anayefuata" mara mbili, umehudumia wawili, na mmoja wao umemhudumia kwa sekunde nne. Wiki hiyo yeye akaongoza, picha yake ikabandikwa ukutani karibu na kalenda. Wiki iliyofuata akaongoza wa dirisha namba tatu, aliyekuwa msikivu. Wiki ya tatu niliongoza mimi. Nilivaa kitambaa kizuri cha kichwa siku ya kupigwa picha.

Ukumbini ilisikika hivi: shikamoo, mwenye namba arobaini, shikamoo, mwenye namba arobaini na moja, shikamoo. Sauti yangu ilimkaribisha mtu, na kabla hajaokota mfuko wake ilikuwa imeshamkaribisha mwingine. Namba ikipita imepita. Na waliopitwa zaidi ni wale wale wa mlimani, maana watu wa mjini walikuwa wakifika saa moja na nusu na kuzoa namba zote za mwanzo, hivyo gari la Chome likifika saa tatu limebeba watu wa namba hamsini na sitini.

Siku moja, ilikuwa Alhamisi, alikuja dirishani kwangu bibi mmoja wa Mhezi. Goti lake moja lilikuwa halikunji vizuri na alikuwa ameshika tiketi namba sitini na mbili. Namba hiyo nilikuwa nimeshaiita zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya pili leo." Akanyoosha kidole kwenye spika. "Ya kwanza umeniamkia kule juu. Ukasema karibu. Nikasimama. Sijaliacha benchi, umemkaribisha mtu mwingine. Nikakaa. Nikasema labda kuna jambo, nitaitwa tena. Nimekaa mpaka sasa. Nimekuja kuuliza tu, uliniita wa nini?"

"Bibi, ile si mimi. Ile ni mashine."

"Sauti ni ya nani?"

"Sauti ni yangu."

"Basi ni wewe," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemsahihisha mtoto kwenye hesabu.

Nilichukua karatasi zake. Shida yake ilikuwa alama ya mpaka kati yake na shemeji yake, ambayo kwenye ramani ilikuwa sawa na kwenye barua ilikuwa imeandikwa vibaya. Nilisahihisha, nikapeleka ikasainiwa, nikarudi nayo. Haikufika hata dakika kumi. Lakini ilikuwa saa tisa, na gari lilikuwa limeondoka.

Nikamchukua kwangu. Nyumba yangu haiko mbali na soko. Nilipasha makande ya jana yake, tukala jioni tukiwa tumekaa barazani, upepo wa Same unatupeperushia mchanga kwenye sahani kama kawaida yake. Bibi aliuliza kuhusu mashine. Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama mkulima anavyouliza juu ya mbegu mpya, inapandwaje, inakula mbolea gani, imemshinda nani. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye kubonyeza mara mbili nilitaka kuruka, nikashindwa, nikamweleza na hilo.

Alitafuna kwanza.

"Kwa hiyo mkubwa wenu anahesabu mnavyoita."

"Ndiyo."

"Na walioitika, anahesabu nani?"

"Hakuna."

"Mna mashine yote ile, na hakuna mtu wa kuangalia kama aliyeitwa amefika?" Akaweka kijiko. "Mimi nikiita kuku wangu jioni, nahesabu walioingia bandani. Sihesabu mara nilizoita."

Usiku huo alilala chumbani kwangu na mimi nikalala sebuleni. Kesho yake nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikamlipia nauli, akakubali baada ya kukataa mara moja tu, na nikaenda kazini nikamkuta mlinzi kwenye kiti chake cha plastiki. Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingiza mikono mifukoni na kutoa maharage. Aliyamimina kwenye kaunta yangu mafungu mawili.

"Mfuko wa kulia walioitwa jana," akasema. "Wa kushoto waliofika dirishani. Nahesabu tangu mliponirudisha humu. Nilikuwa sina kazi, hao wazee wa kuhakiki wananidanganya tu."

Fungu la kulia lilikuwa kilima. La kushoto lisingetosha mboga ya mtu mmoja.

Tuliyapeleka kwa mkuu kwenye bahasha. Alichungulia ndani.

"Hizi si takwimu," akasema.

"Hapana, bosi," mlinzi akakubali. "Ni maharage."

Mkuu akasema suala hilo ni la kitaalamu na linahitaji mtaalamu. Nikampigia fundi. Fundi alinisikiliza kwa adabu na kunijibu kwamba mfumo hauruhusu. Nikamuuliza mfumo ni nani. "Utakuwa umechoka, dada," akasema. "Tuongee wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, kwa sababu nyingine. Makao makuu yalikuwa yameiona ripoti yetu na kushangaa kwamba wilaya nzima haina vijana. Alipoingia asubuhi, mlinzi alimsalimia vizuri, akamwambia: "Kabla hujafungua mashine, hebu chukua namba ukae kidogo. Uone." Fundi akacheka, akachukua. Nadhani aliona ni mchezo. Alikaa kati ya mama mmoja wa Chome na mzee aliyesinzia, kompyuta yake mapajani, na saa ya kwanza alikuwa akifanya kazi zake. Saa ya pili alianza kuinua kichwa kila spika ilipolia. Hakuna aliyempendelea, hakuna aliyemkomoa; sisi wa madirishani hatukujua hata ana namba ngapi, tulikuwa tunabonyeza kama siku zote.

Ilipofika kama saa sita sauti yangu ikamwamkia. Alisimama, kompyuta ikateleza, akaidaka kwa goti, waya wake ukamnasa mama wa Chome mkobani, akaomba radhi, akaunasua. Alipofika dirishani kwangu kulikuwa na mtu mwingine ameshakaa.

"Dada, nimepitwa," akasema.

"Pole sana. Chukua namba nyingine."

Sikusema kwa ubaya. Ndivyo tulivyokuwa tunawaambia wote. Maneno yalinitoka kabla sijamtambua. Alinitazama, akaitazama tiketi yake, kisha akarudi benchini akakaa bila kufungua kompyuta. Mama wa Chome akampa ndizi.

Alikaa Same siku tatu badala ya moja. Jioni alikuwa akiketi na mlinzi kando ya mashine, mmoja anaeleza, mwingine anaandika. Walitofautiana sana kuhusu viatu. Fundi alitaka kujua kama kamera inaweza kutambua tope. Mlinzi alisema inaweza kutambua tope, lakini je, inaweza kutambua mtu aliyeazima viatu?

Matokeo yalikuwa haya. Kitufe cha "Anayefuata" kilifungwa. Hakibonyezeki mpaka kengele ilie, na kengele ilikuwa ile ya mlangoni isiyo na waya, iliyonunuliwa dukani karibu na stendi, ikakaa mfukoni mwa mlinzi. Anailiza akiona mtu amekaa mbele ya dirisha na ameweka mfuko wake chini. Mzee na Kijana vikafutwa, vikawekwa Mlimani na Mjini, na wa Mlimani wanaitwa kwanza mpaka saa nane. Malalamiko kikabaki kama kilivyokuwa, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshakizoea. Shikamoo ikaondolewa kwenye sauti yangu. Kusalimia akaachiwa mlinzi, anayejua nani wa kumwamkia na nani wa kumngoja aamkie.

Bila shaka watu wa mjini walijaribu. Mfanyabiashara mmoja alibonyeza Mlimani akiwa na tope jekundu mpaka kwenye kifundo. Mlinzi aliinama akalitazama, akamwambia kwa upole kwamba tope hilo ni la pale wanapooshea magari, arudi abonyeze Mjini. Alirudi.

Kwa hiyo tulikuwa tumefika pale tulipokuwa kabla ya semina, ila sasa umeme ukikatika foleni ilisimama.

Mkuu aliandika taarifa kwamba mfumo umeboreshwa kwa kushirikisha wadau, na taarifa ikapendwa huko juu. Wakaja wageni kutoka mkoa mwingine kujifunza. Mkuu aliwaeleza kwa zaidi ya saa moja, na maharage aliyataja kama "utafiti wa awali." Fundi naye alikuwepo, na nimpe haki yake, alisema ukweli. Walipomwuliza wazo la kengele lilitoka wapi, alinyoosha mkono: "Aliyetufundisha ni yule mzee pale." Wageni wakageuka. Mlinzi alikuwa anawaletea viti viwili vilivyopungua. Waliangalia nyuma yake, wakitafuta mzee anayezungumziwa, wakaona ukuta. Mlinzi akaweka viti, akawakaribisha wakae, akaliza kengele kwa mazoea.

Alipewa sare mpya, nayo imeshaanza kupauka.

Miezi kadhaa baadaye nilipigiwa simu na karani mwenzangu wa huko walikotoka wageni. Walikuwa wameunakili mfumo wetu wote kama ulivyo, hata sauti yangu, na honi ya lori. Alisema kuna tatizo dogo. Huko kwao nchi ni tambarare kama meza. Hawana kilima chochote mpaka mkoa wa jirani. Lakini mashine inawauliza watu kama wametoka mlimani au mjini.

"Watu wanabonyeza nini?" nikamuuliza.

"Wote Mlimani. Wameshajua wa Mlimani ndio wanaoitwa kwanza."

"Na mlinzi wenu anasemaje?"

Nilisikia sauti yangu mwenyewe nyuma yake, ukumbini kwao, ikimkaribisha mtu dirisha namba tatu.

"Mlinzi tulimpunguza mashine ilipokuja," akasema.

Nikamwambia wamtafute.